Afya ya mama: Kansere ya titi inapopita upande wa baba



Katika mkutano mmoja wa vikundi vyetu hapa Bukavu, mama mmoja aliuliza swali lililotuweka pale mpaka giza likaingia. Kijana wake anataka kuoa. Msichana amesoma, anaheshimu watu, na nyumbani kwa kijana wanampenda. Lakini shangazi wawili wa msichana huyo, dada za baba yake, walikufa kwa kansere ya titi, na mmoja hakufikisha miaka 40. Wazee wa upande wa kijana walipojua, walisimamisha mazungumzo ya mahari. Wanasema nyumba ile ina laana.

Chumba kiligawanyika mara mbili. Wengine walisema wazee wana haki, nani atapenda wajukuu wake wabaki yatima? Wengine walimtetea msichana kwa maneno haya: "Ugonjwa huo ni wa upande wa baba. Baba hana matiti, atampa binti kansere gani? Mama yake ni mzima, basi na binti ni mzima."

Jibu halikutosha katika dakika tano, ndiyo maana leo ninalipa ukurasa mzima. Naanza kwa kusema kwamba pande zote mbili zimekosea. Na kosa la wale waliomtetea msichana linaweza kumletea hatari kubwa kuliko kosa la wazee, kwa sababu linamwambia alale usingizi.

Tuanze na titi lenyewe, au ziwa kama wengi tunavyosema nyumbani. Ni kiungo cha ajabu. Moyo, maini na figo za mtoto zinazaliwa zikiwa tayari zinafanya kazi yao, zinabaki kuongezeka ukubwa tu. Titi halizaliwi hivyo. Mtoto mchanga wa kike ana mifereji michache mifupi nyuma ya chuchu, basi. Inakaa hivyo miaka mingi. Msichana akivunja ungo, homoni zinazotoka kwenye ovari zinaamsha mifereji hiyo, inarefuka na kutoa matawi kama mizizi ya mti. Akishika mimba, matawi yanatoa vifuko vidogo vingi vya kutengeneza maziwa. Akiachisha mtoto kunyonya, sehemu kubwa ya vifuko hivyo inakufa na kusafishwa, titi linarudi nyuma. Mimba nyingine ikija, kazi inaanza upya. Mama aliyezaa watoto sita amejenga na kubomoa kiwanda cha maziwa mara sita.

Kujenga huko ni kugawanyika kwa seli, yaani zile chembe ndogo zinazofanya mwili. Seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Kila mara kabla seli haijagawanyika, inapaswa kunakili maagizo yote ya mwili, ambayo yameandikwa kwenye uzi mwembamba unaoitwa ADN. Maagizo tuliyopokea kutoka kwa mzazi mmoja tu yana herufi karibu bilioni 3. Nani kati yetu anaweza kunakili hata barua ya ukurasa mmoja bila kuruka neno? Makosa yanatokea, na mara nyingine uzi wenyewe unakatika.

Hapo ndipo zinaingia jeni ambazo waganga wanaziita jeni za kuzuia uvimbe. Jeni ni kipande kimoja cha yale maagizo, na hizi kazi yake ni ulinzi. Moja inaitwa TP53. Hii ni kama mlinzi wa mlango: seli ikiwa na ADN iliyoharibika, inaiambia isimame itengenezwe kwanza, na kama uharibifu umezidi, inaiamuru ife. Hata ile kazi ya kusafisha titi baada ya kuachisha mtoto, TP53 inashiriki. Wataalamu walipofuga panya wasio na jeni hiyo, matiti yao yalichelewa kurudi nyuma baada ya kunyonyesha. Sisi watu tuna TP53 mbili tu, moja ya baba na moja ya mama. Tembo, kama wale wa Virunga na Garamba, ana nakala 20 kutoka kwa kila mzazi, na watafiti walioandika habari hiyo mwaka 2015 wanaona ni sababu moja inayofanya tembo asishikwe sana na kansere ingawa mwili wake ni mkubwa na anaishi miaka mingi. Mungu alimpendelea, mimi nasema hivyo.

Jeni nyingine mbili zinaitwa BRCA1 na BRCA2. Herufi zimetoka kwenye jina la Kiingereza la kansere ya titi, lakini jina hilo linadanganya, maana watu wanafikiri ni jeni za kuleta kansere. Ni kinyume. Kila mtu anazo, mwanaume na mwanamke, na kazi yake ni ya fundi wa kushona: uzi wa ADN unapokatika, zinaunganisha sawasawa. BRCA1 inafanya kazi sana wakati titi linakua, yaani katika ujana na katika mimba, na inasaidia seli changa kukomaa ziwe seli za maziwa. Ikikosekana, seli changa zinabaki bila kukomaa, huku zikiendelea kugawanyika na kukusanya makosa. Shida inakuja pale jeni yenyewe inapochanika.

Fikirini motari anayeshuka na abiria kutoka Kadutu. Moto yake ina freni mbili, breki kama majirani wetu wa Tanzania wanavyosema: moja ya mkono, moja ya mguu. Moja ikikatika, anaendelea kushuka kwa ile nyingine, na abiria hata hajui. Zikikatika zote mbili, kila mmoja anajua mwisho wake. Jeni hizi nazo ziko mbili mbili. Wengi wetu tunazaliwa na freni zote mbili nzima, na ili seli moja ya titi ipoteze zote mbili inahitaji bahati mbaya mara mbili. Lakini kuna mtu anayezaliwa freni moja tayari imekatika katika kila seli ya mwili wake. Hajaugua. Anatembea, anasoma, anazaa. Ila imebaki bahati mbaya moja tu. Munganga wa Marekani, Alfred Knudson, ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1971, alipochunguza watoto wenye kansere ya jicho na kuona kwamba wale waliorithi waliugua mapema, na mara nyingi macho yote mawili.

Kwa hiyo, wamama, neno "kurithi kansere" si sahihi. Hakuna anayerithi kansere. Anayerithi anarithi freni moja iliyokatika. Wengine kati yao wanazeeka bila kuugua. Lakini hatari ni kubwa: katika wanawake 100 waliozaliwa na BRCA1 iliyochanika, karibu 72 wanapata kansere ya titi kabla ya kufika miaka 80, na kwa BRCA2 karibu 69. Pia kuna kansere ya ovari, karibu 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Hiyo ya ovari tunaisahau, kwa sababu inajificha ndani ya tumbo na watu wanasema tu "alikufa kwa tumbo".

Aliyegundua njia hiyo ni mwanamke, na ninapenda mumjue. Mary-Claire King wa Marekani alianza kutafuta mwaka 1974, wakati wataalamu wengi hawakutaka kusikia kwamba kansere ya titi inaweza kufuata jeni moja ndani ya familia. Alitafuta miaka mingi. Alikusanya familia 23 zenye wagonjwa 146, akachora nani ni mtoto wa nani, nani aliugua na kwa umri gani. Mwaka 1990 alionyesha kwamba jeni iko kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 1994 wengine waliifikia yenyewe, na BRCA2 ilifuata mwaka 1995. Mama huyu huyu ndiye aliyewasaidia wale mabibi wa Argentina ambao wajukuu wao waliibwa na askari: kwa ADN ya bibi waliweza kumtambua mjukuu.

Angalieni alichotumia kwanza. Si mashine. Ni orodha ya familia. Nitalirudia jambo hilo chini.

Sasa upande wa baba. Jeni hizi hazikai kwenye matiti, zinakaa katika kila seli, na kila mtoto anapokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Baba mwenye freni moja iliyokatika anaweza kumpa mtoto ile nzima au ile mbovu, nusu kwa nusu, kila mimba kivyake, kama vile kila mimba inavyoweza kuleta mvulana au binti. Yeye baba mara nyingi haugui titi, ndiyo maana hakuna anayemhesabu. Na hata hilo la kusema baba hana matiti si kweli. Ana titi dogo, na kati ya wagonjwa 100 wa kansere ya titi karibu mmoja ni mwanaume. BRCA2 iliyochanika inamwongezea pia hatari ya kansere ya prostati. Basi ugonjwa unaweza kuonekana kwa bibi, ukanyamaza kwa baba, ukaonekana tena kwa mjukuu, na watu wakasema ni uchawi umeruka mto.

Tumjibu yule mama mwenye swali. Tuseme shangazi wale wawili walirithi jeni iliyochanika kutoka kwa mzazi wao. Baba wa msichana, ndugu yao, alikuwa na nafasi nusu ya kuipata. Kama aliipata, msichana ana nafasi nusu ya kupewa. Nusu ya nusu ni robo. Maana yake, hata tukichukua mambo kwa ubaya wake, katika wasichana wanne wenye hali kama yake, watatu hawana jeni hiyo mbovu kabisa. Laana gani hiyo inayowaacha watatu kati ya wanne? Na wazee waliosimamisha mahari, nani aliwapima wao na watoto wao? Msichana ambaye hakuna aliyeugua kwao naye anaweza kuugua.

Kuhusu hili tuna habari ya Afrika yenyewe. Huko Ibadan, Nigeria, wataalamu walichunguza jeni za wanawake 1,136 wenye kansere ya titi, bila kuchagua wenye historia ya familia. Matokeo yalitoka mwaka 2018, na kati ya walioongoza kazi hiyo ni munganga Olufunmilayo Olopade, mama wa Nigeria anayefundisha Chicago, pamoja na yule Mary-Claire King. Wanawake 167, karibu 15 kwa kila 100, walikuwa na jeni ya namna hii iliyochanika tangu kuzaliwa. BRCA1 peke yake ilikuwa 7 kwa 100. Hiyo si idadi ndogo. Lakini someni na upande wa pili: 85 kwa 100 hawakuwa nayo. Freni zao zilikatika maishani, seli kwa seli, bila mzazi yeyote kuwapa.

Kuna mtu maarufu mliyemwona hapa jirani. Mwezi wa tatu mwaka 2013 mchezaji wa filamu Angelina Jolie alifika Goma kuwatembelea waliokimbia vita na wanawake waliobakwa. Miezi miwili baadaye aliandika katika gazeti la Marekani kwamba ana BRCA1 iliyochanika, kwamba mama yake alikufa kwa kansere na miaka 56, na kwamba yeye ameamua kuondolewa nyama ya matiti yote mawili kabla hajaugua. Kumbe alipokuwa Goma alikuwa katikati ya matibabu hayo, na wenyeji wake hawakujua. Simwelezi ili mkaombe kukatwa. Kipimo cha jeni hizi hamtakipata kwenye kituo cha afya cha mtaa, na upasuaji wa namna ile unahitaji hospitali kubwa na pesa nyingi. Namwelezea kwa sababu alisema wazi jambo ambalo katika nyumba nyingi za kwetu linafichwa hata kwa mabinti wenyewe.

Basi sisi tusio na kipimo tunafanya nini? Tunayo ile njia ya kwanza ya Mary-Claire King: orodha. Chukua daftari. Andika bibi zote mbili, mama wadogo na mama wakubwa, shangazi, binamu wa pande zote mbili, na wanaume pia. Nani alikuwa na uvimbe wa titi, nani alikufa kwa tumbo lililovimba, alikuwa na miaka mingapi. Wa kuulizwa upande wa baba ni shangazi, maana baba wengi hawajui mambo haya au wanaona haya kuyataja. Mwulize leo akiwa bado hai. Ukiona watu wawili au zaidi wa upande mmoja, au mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, au matiti mawili kwa mtu mmoja, au titi na ovari katika ukoo mmoja, au mwanaume mwenye kansere ya titi, peleka daftari hilo kwa munganga. Binti wa ukoo kama huo asingoje azeeke. Tangu miaka yake ya ishirini na kitu aonwe na munganga kila mwaka, ashikwe matiti kwa mikono yenye ujuzi, na kukiwa na shaka afanyiwe ekografi. Yule msichana wetu ni mmoja wao, na ni vizuri mchumba wake aende naye.

Wale wasio na kitu katika daftari wanabaki na kazi ile ile ya kujijua. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi, jishike taratibu mpaka kwenye kwapa. Kivimbe kigumu, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, damu kutoka kwenye chuchu: nenda. Usingoje maumivu. Uvimbe mbaya mwanzoni mara nyingi hauumi kabisa, na kutouma huko ndiko kumewaua wengi waliosema "hainiumi, itapita". Mama anayenyonyesha naye asikie: uvimbe unaoitwa maziwa yaliyoganda ukipita wiki mbili bila kuisha, uonyeshe. Na tafadhali, msichanje wembe juu ya uvimbe wala kuupaka dawa ya kuunguza. Anayepoteza miezi sita hapo anafika hospitali titi limepasuka, na munganga anabaki na njia chache.

Mmoja aliniuliza kama kunyonyesha kunasaidia. Ndiyo. Wataalamu walioweka pamoja uchunguzi 47 kutoka nchi 30, mwaka 2002, waliona kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa asilimia 4.3, na kila uzazi unapunguza asilimia 7 nyingine. Inapunguza, haiondoi. Mama aliyenyonyesha watoto wanane anaweza kuugua, kwa hiyo asijione amekingwa.

Vikundi vyenye AVEC, fikirieni kuweka katika mfuko wa dharura kitu cha ekografi na cha kipimo cha kipande cha nyama, maana wanawake wengi wanarudi nyumbani kutoka hospitali na karatasi ya kipimo mkononi, kisha karatasi inakaa ndani ya Biblia mwaka mzima kwa kukosa pesa. Kikundi kimoja kimeanza kumpa kila mwanachama zamu ya kumsindikiza mwenzake siku ya kipimo. Bei yake ni nauli tu.

Wiki ijayo tutajibu maswali mliyotuma kuhusu mtoto anayekataa uji anapoachishwa titi. Mwenye daftari la ukoo anayetaka kusaidiwa kulipanga alilete siku ya mkutano, tutakaa naye pembeni.